Mikono Isiyosubiri

Mzee Anyelwisye alikufa akiwa ameketi kitandani, kijiko cha uji mkononi, asubuhi ambayo alikuwa aruhusiwe kwenda nyumbani. Mkewe alikuwa amekwisha kufunga nguo zake kwenye kanga. Alikuwa anamweleza Sista Atuganile kwamba watapita kwanza kanisani kutoa shukrani, ndipo mzee akasema mwanga umekuwa mkali, akainamisha kichwa kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri marefu.

Dkt. Subilaga Mwakatundu alipofika wodini, shuka lilikuwa limekwisha kufunika uso. Alilifunua. Alitazama mshono ulio juu ya sikio, ukiwa umepona vizuri, mwembamba na ulionyooka. Aliufahamu kama mtu anavyofahamu mwandiko wake. Ulikuwa mshono wake, ila yeye hakuushona.

"Alikuwa mzima, Daktari," alisema Sista Atuganile. "Jana alinitania kwamba anataka mke wa pili."

Subilaga alimshika mjane mabega, akakaa naye sakafuni hadi ndugu walipofika. Kisha akaomba ruhusa ya familia kutazama ndani ya kichwa cha marehemu. Walikubali, kwa sababu ni yeye aliyeomba. Katika nyanda hizi za juu watu hawakuwa na desturi ya kumkatalia.

Yeye ndiye mwanamke wa kwanza katika mikoa hii kufungua fuvu la mtu na kulifunga tena, mtu akaamka na kuuliza habari za ng'ombe wake. Alipoanza, jengo la upasuaji lilikuwa na chumba kimoja tu cha kubadilishia nguo, nacho kilikuwa cha wanaume. Alibadilishia kwenye stoo ya mashuka, mgongo ukiwa mlangoni ili usifunguliwe. Wagonjwa walimtazama akiwa amevaa kofia na glavu, wakamuuliza daktari mwenyewe atakuja saa ngapi. Aliwajibu kwa upole kwamba ameshafika. Miaka ilipita, wakaacha kuuliza. Ikafika wakati wakawa wanamkataa daktari mwingine yeyote.

Lakini mwanamke mmoja ana mikono miwili, na milima ni mingi. Ndipo hospitali ikaleta mashine. Kwa muda mrefu Subilaga alipasua akiwa amevaa glavu nyembamba zenye nyuzi ndani yake. Nyuzi hizo zilihifadhi kila alichofanya, kila mkunjo wa kidole na kila uzito alioutia kwenye kisu. Zilipojaa maarifa yake, mikono ya chuma ilifungwa hapa na katika vituo vya mbali ambako hakuna daktari wa ubongo hata mmoja, ikawa inapasua kama yeye. Kidole chake kidogo cha kushoto kimepinda kidogo tangu utotoni, na cha chuma nacho kilipinda. Watu waliiita Mikono ya Dada. Wauguzi wachanga waliingia chumba cha upasuaji asubuhi, wakaisalimia shikamoo, wakacheka.

Yeye mwenyewe alizuiwa kupasua. Wataalamu walisema akiendelea, mazoea yake yatabadilika, na mashine na mwalimu wake wataachana. Alipewa ofisi yenye zulia. Alisafiri kutoa hotuba. Kesho Mikono ya Dada ilikuwa iwekwe wakfu na kuruhusiwa kutumika nchi nzima, na tangu asubuhi kwaya ilikuwa uani ikifanya mazoezi ya wimbo wa siku hiyo.

Wimbo huo ulisikika hata ndani ya chumba cha maiti. Subilaga alifungua, akaangaza taa. Mzee alikuwa na ugonjwa wa mshipa wa ubongo uliovimba kama puto, na tiba yake ni kubana shingo ya puto hilo kwa klipu, kibanio cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele. Klipu ikikaa vizuri, hukaa hadi kaburini.

Klipu ya Mzee Anyelwisye ilikuwa imelala pembeni, juu ya damu iliyoganda, kama pini iliyodondoka kwenye nywele za msichana.

*

Lugano, mhandisi anayetunza mashine, alikuwa kijana mkimya aliyezaliwa Kyela na asiyeizoea baridi ya huku. Alifanya kazi akiwa amevaa koti. Subilaga alimwomba amwonyeshe picha mbili kwa pamoja. Upande mmoja awe yeye akipasua zamani, upande wa pili Mikono ikimpasua Mzee Anyelwisye. Hakumwambia anatafuta nini, maana hakujua.

Walitazama. Ilikuwa ni kama kutazama mapacha. Mikono ya nyama na mikono ya chuma ilifungua ngozi, ikatoboa mfupa, ikaingia taratibu katikati ya mikunjo ya ubongo, ikamfikia adui. Yote iliugusa mshipa kwa ncha ya chombo, na yote ilichukua klipu.

Hapo mapacha wakaachana. Mikono ya chuma iliweka klipu papo hapo. Mikono yake ilisimama.

Upande wake picha ilikuwa kama imekwama. Ncha ya chombo iliegemea mshipa, bila kusukuma wala kuondoka. Juu ya barakoa macho yake yalikuwa yamefumbwa nusu. Kisha, baada ya kitambo, mikono ikaendelea na klipu ikaingia.

"Rudisha," alisema Subilaga. "Usinitazame mimi. Utazame mshipa."

Lugano alikuza picha. Ndipo wote wawili wakaona. Mshipa ulipoguswa ulikakamaa, ukawa mwembamba na mweupe, kama konokono anavyojivuta ndani ya gamba. Mikono iliposimama, ulikaa hivyo kwa muda, kisha ukaanza kulegea, ukanenepa, ukarudia wekundu wake. Klipu ya Subilaga ilibana mshipa ulio katika unene wake wa kweli. Klipu ya chuma ilibana mshipa uliosinyaa kwa woga. Ilibana vizuri sana, kwa kipimo cha uongo. Siku yoyote mshipa ukilegea, klipu itateleza.

Lugano alivuta koti lake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba walipoijaribu mashine, waliijaribu kwenye vichwa vya mpira. Mishipa ya mpira haikakamai.

Subilaga hakuhitaji kuuliza kwa nini kipande kile cha kusimama hakikuwemo kwenye mashine. Alijua. Kilikuwemo mwanzoni. Siku za majaribio Mikono ilifika kwenye mshipa, ikasimama kimya, vidole vya chuma vikiwa vimeinama juu ya mgonjwa, na muuguzi mmoja mtu mzima akavua glavu akatoka. Alisema hatakaa chumba kimoja na chuma kinachosali. Habari zilifika kwa wazee wa kanisa, kwa kuwa hospitali ni ya kanisa. Wazee walikuja, wakatazama, wakanyamaza. Aliyesema ni Subilaga mwenyewe. Aliona haya, na aliogopa. Pale kwenye mshipa alikuwa akisali, kila mara, tangu upasuaji wake wa kwanza, na maombi yake hayakuwa ya kuigwa na mashine. Aliomba kipande hicho kiondolewe. Mchungaji alimshukuru kwa unyenyekevu wake. Lugano alikikata, na kazi ikawa ya haraka zaidi, na kila mtu akalala kwa amani.

"Tutakirudisha," alisema Lugano. Tayari vidole vyake vilikuwa kwenye vitufe. "Nipe muda wake tu. Unasimama kwa muda gani?"

"Sijui."

Lugano alizipitia picha za zamani. Mara nyingine Subilaga alisimama kwa kitambo cha pumzi chache. Mara nyingine alisimama hadi msaidizi wake akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia. Hapakuwa na kipimo. Hata unene wa mshipa haukutosha kueleza, kwa kuwa mara nyingine ulikuwa umeshalegea na bado akaendelea kungoja, na baadaye kidogo ukakakamaa tena, kana kwamba alijua haujamaliza.

"Daktari, unasubiri mpaka nini?"

"Mpaka nipate amani."

Lugano alimtazama. Hakuwa mtu wa dhihaka. "Amani hiyo inaingilia wapi? Kwenye vidole?"

Subilaga alitazama mikono yake juu ya meza, na hofu iliyomwingia wakati ule haikuwa ya wagonjwa peke yao. Miaka yote alidhani anazungumza na Mungu, na jibu linakuja kama utulivu moyoni. Labda ulikuwa ni mshipa tu, ukilegea chini ya chombo, na vidole vikitambua kabla ya akili. Lakini mawazo hayo hakukaa nayo sana. Kama Bwana alichagua kumjibu kupitia ncha za vidole, hilo lilikuwa shauri lake. Jibu lilikuwa la kweli. Yeye ndiye aliyeagiza likatwe.

"Zima vituo vyote," alisema.

"Sina ruhusa hiyo. Ni Mkurugenzi peke yake."

"Waliokwisha kupasuliwa ni wangapi?"

Lugano alitaja idadi, na Subilaga akashika ukingo wa meza. Aliuliza wangapi wamekufa baada ya kuruhusiwa. Lugano akasema wapo, vituo viliripoti, ila kila kimoja kiliandika sababu yake. Presha. Uzee. Kuacha dawa. Waliobaki walikuwa majumbani kwao, wakilima, wakibeba maji, wakicheza ngoma kwenye harusi, wakimshukuru Mungu na Mikono ya Dada.

*

Mkurugenzi wa hospitali alikuwa Mama Ikupa Mwaisaka. Zamani alikuwa muuguzi mkuu wa jengo la upasuaji, na ndiye aliyemkabidhi Subilaga ufunguo wa stoo ya mashuka siku ile ya kwanza, akamwambia asiwape wanaume raha ya kumwona akilia. Kila baraza la madaktari lilipokaa kujadili kama mwanamke aruhusiwe kupasua ubongo, alisimama nyuma ya mlango akisikiliza, na kila Subilaga alipotoka ameshindwa, alimkuta na chai. Hakuna aliyefurahia kesho kuliko yeye. Alikuwa amekwisha kushonesha nguo.

Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha aliinuka, akafunga dirisha, sauti za kwaya zikafifia.

"Lugano anajua. Nani mwingine?"

"Hakuna, Mama."

"Mshukuru Mungu."

Alizungumza kwa upole, na hilo ndilo lililomtisha Subilaga. Alisema kosa limeonekana, na kosa likionekana hurekebishwa. Kesho ipite. Wiki inayofuata atasimamisha vituo kimya kimya, kwa jina la matengenezo, na Subilaga atarudi kupasua, avae tena glavu, watafute njia. Lakini wakitangaza leo, mashine itafungwa na haitafunguliwa tena. Watu wa vituo vya mbali, ambao kabla ya Mikono walikuwa wakifa wote, watarudi kufa wote. Je, hao hawakuwa watu?

Subilaga alisema ni watu.

"Na wale walioko majumbani, utawaambia nini? Kwamba wana kifo kichwani? Nusu yao watakufa kwa hofu kabla klipu haijasogea."

"Wakiitwa mapema, wanaweza kufunguliwa tena. Mimi naweza kuwafungua. Na Tumpale ananisaidia."

Tumpale alikuwa mwanafunzi wake mkubwa, mmoja wa wasichana watatu waliokuwa wakisomea upasuaji wa ubongo. Mama Ikupa alipolisikia jina hilo, alikaa karibu yake, kwenye kiti cha wageni.

"Hao ndio ninaowalilia," alisema. "Mwanangu, nisikilize. Mwanaume akikosea, amekosea mtu. Sisi tukikosea, wamekosea wanawake wote. Kesho kutwa baraza litakaa, na watasema mikono ya mwanamke iliua watu mikoa mizima. Hawatasema mashine. Tumpale atarudishwa kushona vidonda vya watoto. Na mlango ule ulioufungua kwa miaka yote, utaufunga wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Kila neno lilikuwa kweli. Subilaga alikuwa amekuja akitarajia kubishana na mtu mbaya, akamkuta mama yake. Akilini alimwona Tumpale akibadilishia nguo kwenye chumba cha wanawake, chumba chenye bafu na kioo, akilalamika kwamba maji ni ya baridi, bila kujua kwamba malalamiko yale yalikuwa muziki masikioni mwa mwalimu wake. Aliomba moyoni aonyeshwe njia ambayo haimuumizi mtu. Hakuonyeshwa.

"Mama," alisema, "mke wa Mzee Anyelwisye alikuwa amefunga nguo."

"Najua."

"Kama ninajua leo, nisiseme hadi kesho, na mwingine akafa usiku huu, nani amemuua?"

Mama Ikupa alijaribu njia nyingine. Alisema basi ampigie mmoja, ajiridhishe. Ampigie Mzee Gwakisa, yule wa kituo cha Ziwani, aliyepasuliwa wa kwanza kabisa. Kesho ndiye atakayesimama mbele ya wageni kutoa ushuhuda. Picha yake ilikuwa imetundikwa getini, akiwa amebeba mkungu wa ndizi begani. Ni mzima kama jiwe.

"Mpigie. Utasikia mtu anacheka. Halafu tukubaliane, tungoje hadi kesho ipite."

"Nitampigia," alisema Subilaga. "Lakini sikubaliani, Mama. Akicheka, nitamwambia aende kituoni leo, alale chali, asibebe kitu. Halafu nitampigia anayefuata, na anayefuata, mpaka wote. Ukitaka kuninyang'anya simu, ninyang'anye sasa."

Mama Ikupa aliitazama simu iliyokuwa mezani katikati yao. Mkono wake ulisogea, ukarudi mapajani.

Subilaga alipiga. Iliita kwa muda. Aliyepokea alikuwa mwanamke, na nyuma yake kulikuwa na kuku na redio. Alijitambulisha kuwa mke wa Mzee Gwakisa. Aliposikia anayezungumza ni nani, aliacha alichokuwa anafanya, akampa salamu ndefu za heshima. Akauliza habari za hospitali, za mvua, za nyumbani. Akasema hapa wote wazima, wamejiandaa, suti ya mzee imepigwa pasi na gari la kuwaleta linakuja jioni. Mama Ikupa, aliyekuwa akisikia kila neno, alishusha pumzi na karibu atabasamu.

Subilaga aliomba azungumze na mzee.

"Amejilaza kidogo, Daktari," alisema mwanamke yule. "Asubuhi alikuwa anafanya mazoezi ya ushuhuda wake huku nje, anapaza sauti kama mwinjilisti, mpaka majirani wanacheka. Akasema kichwa kinamgonga na jua la leo ni kali. Nikamwambia nenda ndani, pumzisha macho, kesho watu watakuhitaji."

"Huko kwenu kuna jua?" aliuliza Subilaga.

Mwanamke alisita. "Hapana. Kumetanda tangu alfajiri."

"Mama, nenda ukamwamshe. Usikate simu. Nenda nayo."

Redio ilizimwa. Zilisikika ndala zikipita uani, si kwa haraka, kwa kuwa mwenyewe bado hakuona sababu ya haraka. Mama Ikupa aliinuka polepole. Alizunguka meza, akanyanyua simu ya pili, ile ya ofisi, na kwa sauti ambayo Subilaga hakuwahi kuisikia akawaambia watu wa mapokezi wamuunganishe na kituo cha Ziwani, wawashe gari la wagonjwa, wazime mashine. Walimuuliza ipi. Akasema zote, kila mahali.

Kwenye simu ya Subilaga bawaba za mlango zililia. Kisha mwanamke yule alimwita mumewe kwa jina, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida.